Lenzi ya Upana wa Meza

4 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Naandika nikiamini wewe na Mama Mdogo hamjambo na kwamba lile bomba la jikoni limeacha kuwapigia ngoma. Sisi huku wazima. Baba anakusalimu. Tangu ahamie kwangu amegombana na redio yangu kila siku, anasema sauti yake nyembamba, si kama ile yake uliyoiazima wiki moja na imekaa kwako mwaka wa kumi na moja sasa. Mjukuu wako meno mawili ya mbele yameng'oka na kila neno linatoka na filimbi.

Sasa macho. Mama Mdogo aliniambia daktari ameona mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, la kulia likiwa limeiva zaidi, akataka kukupasua, na wewe ukasema utafikiria. Hiyo ilikuwa Septemba. Umefikiria mpaka wapi? Nakuuliza kwa barua kwa sababu kwenye simu unasema "ndiyo, ndiyo" halafu unampa Mama Mdogo.

La pili ni la kazi. Hapa maabara ya mbegu mkuu wetu anataka albamu ya mbegu za magugu, aina sitini, ili wakaguzi wapya waache kuniita kila wakikuta punje wasiyoijua. Nyingine ni ndogo kuliko chembe ya chumvi. Kamera ninayo, ile uliyonipa ulipofunga studio, lakini lenzi yake haikubali kusogea karibu. Mkuu amekubali tununue kioo cha kufunga mbele ya lenzi, basi. Dukani vipo vya namna mbili: seti ya vioo vinne vyembamba vilivyoandikwa +1, +2, +4 na +10, na kioo kimoja kinene, kizito, +4 peke yake. Muuzaji ameniruhusu kuvijaribu vyote viwili na kurudisha kimoja. Nisaidie kuchagua.

Mwanao,
Kope


27 Februari

Kope wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua imefika na tumeifurahia. Bomba limetengenezwa, sasa linapiga filimbi, kwa hiyo mjukuu wangu amepata mwenzake. Mwambie kaka kwamba redio yake ni nzima na inamsahau taratibu. Mama yako mdogo ameanza kushona mapazia ya watu, nyumba nzima ina vitambaa. Usishangae ukubwa wa herufi zangu, nimenunua kalamu nene.

Umefanya vizuri kuuliza kabla hujanunua. Watu huja na mzigo tayari ndiyo wanauliza.

Kwanza angalia mbele ya lenzi yako, ukingoni, utaona alama ya duara lililokatwa na mstari, kisha namba. Hicho ndicho kipenyo, kwa milimita. Kioo chako lazima kiwe na namba hiyohiyo, la sivyo utanunua kifuniko cha birika. Usipime kwa futi ya fundi cherehani. Mimi nilipima hivyo siku za mwanzo na nikawa na kioo ambacho hakikuingia kwenye lenzi yoyote duniani.

Pili, hizo namba za kujumlisha usiziogope, ni zilezile za miwani ya kusomea. Lenzi yako ukiiweka mwisho wa mbali kabisa, +1 itakupa picha safi kwenye mita moja, +2 nusu mita, +4 robo mita, na +10 utakuwa umeiwekea mbegu pua. Seti inakupa namba nyingi, ila kila kimoja ni kioo kimoja tu chembamba. Katikati kitaona vizuri, pembeni picha italegea na kuvaa rangi ya zambarau kama imepakwa wanja. Kile kinene kwa kawaida ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja, cha pili kinasahihisha makosa ya cha kwanza. Ndiyo maana ni kizito.

Vijaribu vyote. Kaza tundu la lenzi mpaka namba nane au kumi na moja. Weka kamera kwenye miguu mitatu, na usizungushe pete ya lenzi: sogeza kamera yenyewe, mbele na nyuma, kidogo kidogo. Ipige mbegu karibu na dirisha, si juani. Kisha fanya kama tulivyokuwa tukifanya studio ulipokuwa unakaa juu ya kreti ya soda na kunihesabia kope za wateja. Kope zikihesabika, picha imekaza. Zisipohesabika, mteja arudi kitini. Mbegu haina kope, lakini ina kovu pale ilipokuwa imeshikwa na ganda. Hesabu hapo.

Nitumie picha nizione.

Baba yako mdogo


20 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Tu wazima wote. Baba amekubaliana na redio, sasa anagombana na jirani.

Nimeona ulivyolijibu swali langu la macho. Umelijibu kwa kalamu nene. Nalirudia hapa, na nitalirudia kila barua, maana ukaidi nimeutoa kwenu: utakwenda lini?

Kipenyo ni hamsini na nane, nilisoma, sikupima kwa futi. Nimevijaribu vyote viwili wiki nzima, kamera juu ya miguu mitatu na mimi nimeinama mpaka kiuno kikaomba radhi. Vibano vimeniponyoka, mbegu nimezipiga chafya zikaruka. Mwenzangu wa mizani anasema sasa natembea nikishikilia pumzi hata nikienda kula.

Nimesafisha picha mbili za mbegu ileile. Iliyoandikwa A nyuma ni ya kile kioo cha seti, namba nne. B ni ya kile kinene. Mimi nadhani najua, lakini nimezitazama mpaka siziamini tena. Chagua wewe. Kinachobaki narudisha dukani tarehe ishirini Aprili.

Kope


6 Aprili

Kope wangu,

Marahaba. Hapa kwema. Mama yako mdogo amemaliza mapazia ya hoteli nzima na vidole vyake vina matundu. Anakusalimu sana.

Nimekaa na picha zako dirishani asubuhi yote. Umenifurahisha, mwanangu. Una mkono uliotulia. Chagua A bila kusita. Kovu limekaza, ncha zake zimesimama moja moja, ningeweza kuzihesabu. B nayo si mbaya, lakini A ndiyo picha. Inaonekana nilikionea kile kioo chembamba, siku hizi wanavitengeneza vizuri.

Nina mafua kidogo, ndiyo maana barua fupi.

Baba yako mdogo


13 Aprili

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sijui nianze vipi kwa hiyo naanza tu.

Barua yako ilifika Jumanne na niliifurahia siku nzima, mkono uliotulia na yote. Jana nikafungua droo ya meza yangu kazini kutafuta kibano, nikaikuta picha A. Ile yenyewe. Niliyokutumia wewe ni jaribio la kwanza, siku mwenzangu wa mizani alipofunga droo kwa nguvu na meza ikatikisika wakati kamera inafunguka. Niliandika A nyuma yake, kisha nikapiga nyingine nzuri na kuiandika A hiyo pia, na siku ya kufunga bahasha nikachukua isiyo yenyewe. Kwenye hiyo uliyo nayo mbegu imetoka mbili mbili, hakuna kovu, hakuna ncha. Mjukuu wako aliiona akauliza kama imelowa maji.

Sikukutega. Nakuomba uniamini hapo. Ni uzembe wangu wa bahasha.

Lakini hukuiona, Baba Mdogo. Hukuiona hiyo wala hukuiona B, ambayo kila unywele wa mbegu umesimama. Wewe uliyekuwa unamrudisha bibi harusi kitini kwa kope tatu.

Nimerudisha seti dukani. Kile kinene nimekibakiza. Wewe ndiye uliyenifundisha kuchagua hivyo, kwenye barua ya Februari, kabla ya mafua.

Nenda hospitali, tafadhali. Nakuomba.

Kope


1 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo. Wiki saba. Mama Mdogo anasema unakula, unalala, na umenuna. Basi ni vizuri kwamba unakula.

Nuna, una haki. Mimi nami ningenuna. Ila sitaomba radhi kwa kusema nilichokiona, nitaomba radhi kwa jinsi nilivyokisema, ile ya bibi harusi haikuwa na lazima. Nilikuwa nimeogopa na nikitishika mdomo wangu unakuwa mkali, muulize Baba.

Albamu imefika mbegu ya thelathini na nane. Kila nikisogeza kamera mbele na nyuma nakusikia ukisema "kidogo, kidogo, usilazimishe". Nakupenda, mzee wangu. Sijawahi kukuandikia hivyo kwa sababu nyumbani kwetu hatuandikiani hivyo, lakini sasa nimeandika na sifuti.

Andika hata mstari mmoja.

Kope


16 Juni

Kope,

Marahaba.

Sikununa kwa ajili yako. Nilinuna kwa sababu Mama yako mdogo alikuwa amekaa karibu nami siku nilipoitazama hiyo A, nami nikaisifia kwa sauti.

Nitakueleza jambo ambalo sijamweleza mtu. Mwaka juzi nilipiga mahafali ya chuo cha wauguzi. Wahitimu mia moja na kumi na wawili, mmoja mmoja, joho na kofia. Nikaziangalia zote, nikaona nzuri, nikapeleka. Mkuu wa chuo alikuja mwenyewe wiki iliyofuata akaweka bahasha juu ya kaunta. Hakufoka. Alisema, "Labda mashine imekosea, mzee." Alikuwa na adabu sana na ndiyo iliyoniuma. Mia moja na kumi na wawili, hakuna hata mmoja mwenye kope. Wengine wazazi wao walitoka mbali kwa siku ile na siku ile hairudi. Nilifunga studio mwisho wa mwezi nikasema nimechoka. Wote mkaamini, kwa sababu kweli nilikuwa na sura ya mtu aliyechoka.

Sasa unauliza kwa nini siendi. Naogopa, mwanangu. Hakuna sababu nyingine, usitafute. Mwenzangu wa studio ya ng'ambo ya barabara alipasuliwa akatoka akiwa na giza zaidi ya aliloingia nalo. Leo nikiulizwa, mimi ni mpiga picha aliyestaafu. Wakinipasua jicho likaharibika, nitakuwa kipofu. Hivi nilivyo bado naiona taa, naona mtu amesimama mlangoni, nawajua watu kwa mwendo. Najua nyumba yangu. Nafika kila mahali bila kugusa ukuta. Mama yako mdogo hajui ni kiasi gani, na usimwambie.

Baba yako mdogo


27 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo, na asante. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena, kisha nikalia kidogo bafuni ili Baba asiniulize.

Sitamwambia Mama Mdogo. Utamwambia wewe.

Yule mwenzako wa ng'ambo ya barabara Baba anamkumbuka. Anasema alikaa na jicho bovu miaka minane mpaka likawa gumu na jeupe kabisa, akaenda siku alipogonga nguzo. Hukuniandikia hiyo sehemu. Nilimuuliza muuguzi wa macho hapa mjini, akasema kila operesheni ina hatari yake na yeyote atakayesema haina ni mwongo. Lakini akasema kadiri linavyoiva ndivyo linavyokuwa gumu kutoa, na kwamba wanafanya jicho moja kwanza, la pili wanaliacha mpaka waone.

Nikamuuliza wanafanya nini hasa humo ndani. Akaniambia: wanatoa lenzi yako ya asili iliyoingia ukungu, wanaweka nyingine mpya. Jicho lenyewe linabaki.

Sasa niambie. Mteja akikuletea kamera nzima, mwili safi, kila kitu kinafanya kazi, ila kioo kimeingia ukungu. Ungemwambia aifunike kitambaa aizoee hivyohivyo? Nimekusikia mara mia ukiwaambia watu kamera haina kosa, badilisha kioo. Kuogopa ogopa tu, sikukatazi. Nenda nayo hiyo hofu, ikae nawe kwenye benchi.

Kope


22 Julai

Kope wangu,

Marahaba, mwanangu. Mjukuu meno yameota? Mwambie kaka nimemkumbuka, na redio inatafuta betri.

Nimekwenda. Nilimwambia Mama yako mdogo naenda kupima presha. Alisema sawa, akanipa shati safi na kuniwekea nauli mfukoni. Sikumwambia zaidi, usinigombeze, hatua moja moja.

Daktari ni binti mdogo, ana sauti ya mwalimu wa hesabu. Amesema jicho la kulia limechelewa lakini halijapita. Amenipangia tarehe kumi na tisa Agosti. Kisha akanishangaza. Akasema, "Mzee, lenzi tutakayokuwekea unaichagua wewe. Haijirekebishi kama ya ujana wako, itaona wazi kwenye umbali mmoja tu, kwingine utasaidiwa na miwani. Unataka mbali au karibu?"

Nikajiona mshamba. Miaka thelathini nawachagulia watu lenzi, nawacheka wasiojua wanachotaka, na leo naulizwa mimi sina jibu. Ya mbali nitaona barabara yote na sura za watu ng'ambo. Ya karibu nitashika picha mkononi na kuhesabu kope tena bila kuvaa kitu. Amenipa wiki tatu. Wewe ungechagua ipi? Zamu yako, nisaidie.

Baba yako mdogo


2 Agosti

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimeruka jikoni kwa furaha, mjukuu wako akaruka pia bila kujua kwa nini. Baba amenunua betri nne, anasema atazileta mwenyewe siku ya tarehe kumi na tisa, na nina hakika atarudi na redio.

Mimi siwezi kukuchagulia. Mimi nilijua nataka kuona nini: punje ya mbegu, robo mita, pembe hadi pembe. Kioo kikajichagua chenyewe. Nawe fanya hivyo. Usianze na lenzi. Usifikirie kazi pia, kazi itavaa miwani kama wafanyakazi wengine wote. Fikiria kile unachotaka kukiona ukiamka, kabla hujapapasa kutafuta kitu. Kisha chukua futi, pima kiko umbali gani, umpelekee daktari hiyo namba. Safari hii futi ya fundi cherehani inaruhusiwa.

Na Mama Mdogo, bado wiki mbili na nusu. Presha haipimwi kwa kulazwa.

Kope


5 Septemba

Kope wangu,

Marahaba. Angalia herufi zangu, zimerudi kwenye mstari. Kalamu nene nimempa kaka, akaondoka na redio pia.

Nilipima. Nilichukua futi ya mapazia Mama yako mdogo akiwa sokoni, nikapima kutoka kiti changu mpaka kiti chake, upana wa meza tunayokulia. Sentimita tisini. Nikampelekea daktari kwenye karatasi. Akacheka, akasema watu humwambia mbali au karibu, hajawahi kuletewa meza, lakini ipo namba ya hapo. Nilimwambia Mama yako mdogo jioni hiyo, kila kitu, hadi ile bahasha ya wauguzi. Alisema "haya", akaendelea kukata nyuzi. Nikadhani hajaelewa uzito wake.

Operesheni ilikwenda vizuri. Asubuhi yake daktari akatoa bandeji. Mama yako mdogo alikuwa amekaa mbele yangu. Kope, kichwa chake ni cheupe chote. Nilikuwa namjua mwenye mvi mbili tatu hapa kwenye paji. Nikamuuliza, "Tangu lini?" Akasema, "Kuna muda." Ana mikunjo hapa chini ya macho, midogo, inaelekea juu, kwa hiyo alikuwa anacheka muda wote huo nami siioni. Nilimtazama mpaka akaona haya akaniambia niache kumkodolea kama mgeni. Sikuacha.

Tulikaa siku nne kwa dada yake karibu na hospitali. Kisha akatangulia nyumbani, mimi nikafuata na kaka jioni. Nikaingia kwa mwendo wangu wa siku zote, hatua sita kisha kushoto, nikagonga meza kwa goti. Iko dirishani. Viti viko upande mwingine. Stuli imeondoka, birika liko rafu ya juu, kapeti limegeuzwa. Nikamuuliza kumepita nini humu ndani. Akasema amekuwa akiitaka meza dirishani, kwenye mwanga wa kushonea, tangu mwaka juzi, ila hakuthubutu kusogeza hata kiti, maana nilikuwa nimeishika nyumba kwa kichwa na ningejikwaa.

Miaka miwili, mwanangu. Ameshona mapazia ya hoteli gizani, akijitoboa vidole, ili mimi niendelee kudhani hajui.

Aliniuliza kama goti limeumia. Nikamwambia kabati nalo linaziba mwanga wake wa kushonea, tulisogeze.

Baba yako mdogo